Ekari tano za jangwa kwa ekari mbili za mikoko: kisa cha kubadilishana ardhi Lamu

Ombi lilikuwa la ukurasa mmoja. Familia yenye shamba bara ya Lamu, kati ya Mokowe na Hindi, inataka kubadilishana ardhi na serikali. Wao watatoa ekari tano za upande wa chini wa shamba, zile zinazofikiwa na maji ya bamvua, yaani bahari inapojaa sana, ambazo hazioti mnazi wala mkorosho. Serikali nayo iwape ekari mbili za msitu wa mikoko zilizo ukingoni mwa mkondo wenye kina, wapate kujenga gati ndogo na bohari ya kugandishia samaki. "Natoa tano, napokea mbili. Sasa hapo nani anayepunjika?" Ndilo swali la mzee mwenye shamba, na ni swali la haki.

Niseme mapema kwamba familia hii nimeiunda mwenyewe, kwa kuunganisha hali zinazoonekana katika mashamba mengi ya Lamu yanayoshukia baharini. Sipendi kumtia mtu kortini kwa ajili ya bikoni yake, lile jiwe la mpaka wa shamba. Sheria, miti, maji na historia ni vya kweli, na ndivyo vinavyokiendesha kisa.

Shamba na hati yake

Juu, penye nyumba na mikorosho, ardhi ni mchanga mkavu mwaka mzima. Ukishuka unakuta uwanda mweupe uliotapakaa chumvi, mgumu wakati wa kaskazi, utelezi baada ya bamvua. Watu wa hapo wanauita jangwa. Pembezoni mwake imeota michu mifupi, aina mojawapo ya miti ya mikoko, mingine haifiki kiunoni. Mbele ya michu ipo mikandaa, aina nyingine, iliyosongamana, kisha mikoko yenyewe na mizizi yake ya kupanda na kushuka, na mwisho kabisa, miguu ndani ya maji ya mkondo, imesimama mililana michache mikubwa, nayo ni jamii ya mikoko. Kila mti umekaa pahala pake kwa kadiri unavyostahimili maji na chumvi, na mpangilio huo utatufaa huko mbele kuliko karatasi yoyote.

Karatasi ipo. Shamba lilitokana na mradi wa makazi, na hatimiliki imetolewa kwa ramani ya msajili. Kasoro yake ni kwamba ramani za namna hiyo hazikuchorwa zioneshe mpaka kwa inchi. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 inasema wazi kuwa, isipokuwa pale ambapo mipaka imepimwa na kuandikwa kuwa ni ya kudumu, ramani inaonesha mpaka wa makadirio tu. Bikoni mbili za juu zipo, moja watoto wameifanya kigoli. Za chini, moja imelala kwenye tope, na nyingine haijulikani iliko.

Huwezi kumlaumu mzee kwa hilo. Mtu aliyelipima shamba wakati wa kaskazi, siku za maji mafu, bahari isipojaa sana, angeuona uwanda ule kuwa ni nchi kavu kama nchi kavu nyingine. Angevuta mstari wake, akamaliza, akaenda zake.

Kabla ya thamani, ni ya nani?

Wengi wakisikia habari ya kubadilishana ardhi hukimbilia bei. Lakini hapa kuna swali linalotangulia bei, na likijibiwa vibaya hesabu yote inaporomoka. Katiba ya 2010, kifungu cha 62, inataja ardhi ya umma ni ipi, na miongoni mwake ni misitu ya serikali na ardhi yote iliyo baina ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa. Na mikoko ya Kenya haikungojea katiba hiyo. Ilitangazwa kuwa msitu wa serikali tangu 1932, enzi za mkoloni, na tangazo likarudiwa 1964 nchi ilipokuwa imeshapata uhuru. Kwa hiyo hati za miradi ya makazi zimeikuta mikoko ina mwenyewe tayari.

Maana yake ni hii: ikiwa maji ya kawaida ya bamvua yanazifikia ekari zile tano, basi mzee anaipa serikali kitu ambacho tayari ni cha umma. Ananunua kwa fedha za mwenye duka.

Hoja yake ya kujitetea nayo si nyepesi. Hatimiliki ni ushahidi wa umiliki mbele ya mahakama, na haivunjwi hivi hivi. Sharti ioneshwe kwamba ilipatikana kwa ulaghai, kwa ufisadi au nje ya utaratibu wa sheria. Amelipa ada zake. Hakuna ofisi iliyowahi kumwambia kuwa shamba lake limeingia baharini. Ndiyo maana jambo la kwanza ambalo ningelitaka katika faili hili, kabla ya mthamini kuitwa, ni kuijua alama ya maji.

Nayo inajulikana. Mara mbili kila mwezi, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, bahari hujaa sana, ndiyo bamvua. Katikati yake ni maji mafu. Na katika mwaka, bamvua za karibu na Machi na Septemba huwa kubwa kupita nyingine. Pwani yetu, tofauti ya maji kujaa na kupwa wakati wa bamvua hupita meta tatu, na kwenye uwanda usio na mwinuko meta tatu za kupanda zinaweza kuwa mwendo mrefu wa kutandaa. Chomeka vijiti kutoka mikandaani kwenda juu, vitazame kwa miezi kadhaa, uangalie pia mstari wa majani makavu na mbegu unaoachwa na maji. Pale unapofika kila bamvua ya kawaida ndipo pwani ya umma inapokoma. Miti nayo inashuhudia: penye mikandaa iliyokomaa maji hayaendi kwa bahati.

Tuseme baada ya kazi hiyo imeonekana kwamba ekari mbili kati ya tano ziko ndani ya bamvua ya kawaida, na ekari tatu hufikiwa na yale makubwa ya msimu peke yake. Basi ofa ya mzee imeshapungua. Alidhani anatoa tano, kumbe za kwake za kutoa ni tatu. Habari hii ndiyo ngumu kuliko zote kumpelekea, na nimeona kwamba watu wa maofisini huiacha ije ijitokeze mwisho, kwa barua. Vibaya. Aambiwe mwanzoni, uso kwa uso, na anayemwambia awe na vijiti vyake.

Sheria inafungua mlango mmoja na kufunga mwingine

Kubadilishana msitu wa umma na shamba la mtu si uzushi. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya 2016 inalitambua jambo hilo: mwenye shamba aridhie, usimamizi wa msitu upate nafuu, mabadilishano yawe ya haki kwa pande zote kwa uthamini wa mtu asiyeegemea upande, na tathmini ya athari kwa mazingira ifanyike. Nia ni njema. Msitu wenye mpaka uliopinda pinda, wenye shamba la mtu limechomoza katikati kama ulimi, ni taabu kuulinda. Ukiunyoosha kwa kubadilishana vipande, wote wawili wanapumua.

Lakini ipo Sheria ya Ardhi ya 2012. Kifungu chake cha 12 kinataja njia za kugawa ardhi ya umma, na mojawapo ni kubadilishana kwa thamani iliyo sawa. Shuka kidogo katika kifungu hicho hicho utakuta orodha ya ardhi ambayo Tume ya Taifa ya Ardhi inatakiwa kuhakikisha haigawiwi: misitu, hifadhi za wanyama, ardhi oevu, na mikoko. Mikoko imetajwa kwa jina. Anayeutaka msitu wa mikoko kwa kubadilishana anagonga ukuta huo, na njia ya kuuzunguka ni kuubadili kwanza mpaka wa msitu kwa kupitia Bunge.

Hapo kifungu cha 34 cha sheria ya misitu kinaingia. Mwananchi yeyote anaweza kupeleka ombi Bungeni la kubadili mpaka wa msitu wa umma. Mzigo wa kuthibitisha ni wake: aoneshe kuwa mabadiliko hayatahatarisha viumbe walio adimu au wanaotishiwa kutoweka, hayatadhuru chanzo cha maji, hayataharibu uhai wa aina mbalimbali ulioko wala mahali pa urithi wa utamaduni. Huduma ya Misitu (KFS), msimamizi wa misitu ya umma, nayo hutoa maoni yake. Kwa ekari mbili za gati la familia, ni safari ndefu kweli kweli.

Kijana wa mzee, aliyeko Mombasa na ndiye aliyeliandika ombi, anaona huo ni urasimu wa kumchosha mnyonge. Namwelewa, ila historia iko upande wa urasimu. Mwaka 2001 serikali ilitangaza nia ya kuchomoa takriban hekta 67,000 kutoka misitu ya nchi hii. Miaka michache nyuma ya hapo Wangari Maathai na wenzake walipigwa kwa kuutetea msitu wa Karura, Nairobi, uliokuwa ukigawiwa wajenzi. Na 2021 mswada uliletwa Bungeni wa kuiondoa sauti ya Huduma ya Misitu kwenye maombi ya kubadili mipaka. Watu wakapiga kelele hadi ukaachwa. Milango yote hii ya chuma imetiwa kwa sababu wa mwanzo ulivunjwa.

Hata wenye mazoea makubwa ya jambo hili hawakusalimika. Marekani wamekuwa wakibadilishana misitu ya serikali na mashamba ya watu tangu sheria yao ya 1922, kwa sehemu kwa sababu ardhi iliyopewa makampuni ya reli iliacha ramani yao ina viraka kama ubao wa dama. Sheria yao ya 1976 inataka thamani zilingane, na tofauti ikiwapo ifidiwe kwa fedha isiyozidi asilimia 25 ya thamani ya ardhi ya serikali. Pamoja na hayo, mwaka 2000 wakaguzi wa Bunge lao waliandika ripoti kali: ardhi ya umma ilikuwa ikithaminiwa chini ya bei yake na ya watu binafsi ikipandishwa, kiasi cha kulishauri Bunge lifikirie kuusimamisha mpango mzima. Hao ni watu wenye wathamini kila mji.

Bei ya sokoni inaona nini

Sasa twende kwenye thamani.

Mchukue mthamini mwaminifu, asiyehongwa na mtu. Mpeleke mkondoni, kwenye ekari mbili za mikoko. Ataangalia kina cha maji, ataangalia umbali wa kwenda bandari mpya ya Lamu, ambayo gati lake la kwanza lilifunguliwa Mei 2021, ataangalia barabara. Atakumbuka wakulima wa Kililana walilipwa shilingi milioni moja na nusu kwa ekari kwa ajili ya bandari hiyo, na kwamba zile hazikuwa ekari za kufungia mashua. Ataandika bei kubwa. Kisha mpeleke jangwani. Hakuoti kitu, hakujengeki bila kujaza kifusi, maji yanaingia. Ataandika bei ya kutupa.

Kwa hesabu hiyo mzee ndiye anayedai zaidi ya anachotoa. Sheria ikitaka thamani iwe sawa, hazitoshi tano kwa mbili, seuze tatu. Huenda asitoshe hata akiongeza mikorosho yote. Nadhani hapo ndipo swali lake la "nani anayepunjika" linapomrudia.

Lakini mwite mtu wa misitu, umwulize ni kipi kati ya vipande hivyo viwili ambacho msitu wake utakihitaji kesho. Akiwa anaijua kazi yake atakuonesha jangwa. Bahari inapanda. Mikoko haihami kwa miguu. Huhama kwa mbegu, kizazi baada ya kizazi, ikipanda kuelekea juu kadiri maji yanavyopanda. Ile michu mifupi isiyofika kiunoni ni watangulizi wa safari hiyo. Jangwa likibaki wazi, msitu una pa kurudi nyuma. Likijazwa kifusi na kujengewa ukuta, msitu umebanwa: mbele maji, nyuma saruji. Mahali pa kubanwa namna hiyo mikoko hupungua upana mwaka hadi mwaka hata kama hakuna aliyekata fito moja.

Kwa hiyo soko linalipa bei ya chini kabisa kwa kitu ambacho msitu unakihitaji kuliko vyote, na bei ya juu kabisa kwa kitu ambacho serikali haifai kukitoa. Mthamini hajakosea. Ameulizwa mnunuzi wa leo angelipa nini, naye amejibu. Mabadilishano ya ardhi yanayotegemea jawabu hilo peke yake yatakuwa halali kwa kila mhuri na bado yatakuwa hasara.

Mtu atauliza, kwani mikoko yenyewe haina bei? Inayo, nyingi, na hazijumlishiki kirahisi. Boriti ina bei yake. Miti huhesabiwa kwa korija, ishirini ishirini, na kila unene una jina na soko lake, kuanzia fito, pau, mazio, hadi boriti na nguzo. Ndizo zilizobeba dari za nyumba za mawe za Lamu. Kaa na kamba wanaokulia mizizini wana bei yao, ila hulipwa kwa mvuvi aliye maili kadhaa kutoka hapo, asiyejua samaki wake alilelewa wapi. Hewa ya kaboni ambayo miti huihifadhi nayo siku hizi inauzwa: Gazi, kaunti ya Kwale, mradi wa Mikoko Pamoja, uliozinduliwa 2013, umekuwa ukiuza kaboni ya hekta 117 za mikoko, na fedha zimeingia kwenye maji na shule za kijiji. Lamu ina takriban hekta 37,000, zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya. Anayesema ekari mbili haziwezi kuonekana katika wingi huo anasema kweli, na kila mwombaji wa ekari mbili atakuja na kweli hiyo hiyo mkononi.

Wasioandikwa kwenye ombi

Ombi lina pande mbili: familia na serikali. Ukienda mkondoni maji yakiwa yanajaa utaona wa tatu. Pale penye ekari mbili ndipo wakataji wanapotoa madau yaliyosheheni boriti, kwa kuwa ndipo peke yake penye kina wakati maji yamekupwa nusu. Wavua kaa hupita hapo na kulabu zao. Hakuna kati yao mwenye hati ya hata shubiri moja.

Katika baraza la kulijadili ombi, mkataji mmoja wa makamo alimjibu mzee kwa adabu zote: "Ami, wewe wahesabu ekari. Sisi twahesabu pa kutokea." Mzee akasema gati lake halitamfungia mtu njia. Mkataji akauliza kama hilo limeandikwa. Halikuwa limeandikwa.

Hawa ni watu ambao serikali ilipobadili kanuni za msitu, Februari 2018, ukataji uliposimamishwa katika misitu ya umma nchi nzima, walilala usiku wana kazi wakaamka hawana. Hawaamini ahadi za mdomo, na sioni kwa nini waziamini. Wana pia mfano wa karibu. Aprili mwaka huo huo wa 2018 Mahakama Kuu iliamua kesi ya wakazi wa Lamu kuhusu bandari, ikakubali kwamba wavuvi zaidi ya 4,000 walidhurika bila kushirikishwa ipasavyo, ikaagiza fidia ya Sh1.76 bilioni. Wavuvi wale hawakuwa na hati ya bahari. Walikuwa na desturi ya kuitumia, na mahakama ikaitambua. Yeyote atakayeipitisha gati hii bila kukaa na wakataji na chama cha misitu cha jamii anajiandalia kesi ya namna hiyo hiyo, ingawa ndogo.

Kijana wa mzee naye asichukuliwe kuwa mlafi. Hoja yake ina nyama: bandari imewasogeza wavuvi mbali, samaki wanafika jioni, barafu hakuna, mchuuzi wa Mombasa anapanga bei anavyotaka kwa kuwa anajua samaki hawalali. Bohari karibu na maji ingewapa wavuvi usiku mmoja wa kusubiri, na usiku mmoja unabadili bei. Kasoro yake ni kudhani kwamba ili upate gati ni lazima umiliki msitu.

Ningeamua nini

Nisingekubali kubadilishana. Kipande kinachoombwa kimezuiwa na sheria, kipande kinachotolewa kwa sehemu si chake, na hata sehemu iliyo yake haihitaji kununuliwa kwa mikoko ili ilindwe. Ila "hapana" peke yake nayo ni uvivu. Ombi lina mambo matatu yaliyofungwa pamoja, na kila moja linafunguka kwa njia yake.

Gati halihitaji hatimiliki. Huduma ya Misitu hutoa vibali vya matumizi maalumu ndani ya misitu ya umma, kwa masharti na kwa muda. Hapo pa kutokea madau tayari pana uwazi. Gati la nguzo, lenye maji kupita chini yake, linaweza kusimama hapo bila kukatwa mlilana hata mmoja, na kibali kiandike waziwazi kuwa ni la wote. Mamlaka ya mazingira, NEMA, italitaka lifanyiwe tathmini, na ni sawa. Bohari iende juu, kwenye nchi kavu, kwenye shamba la mzee. Kijana analalamika kuwa umbali ule utayeyusha barafu. Kwa Lamu, ambako punda amebeba mawe ya kujengea miji, sanduku la samaki lililofungwa vizuri linafika.

Ekari tatu za jangwa zibaki kwa familia. Lakini asijaze kifusi. Namna za kumfidia zipo: Sheria ya Mazingira ya 1999 inaruhusu kuwekwa sharti la uhifadhi juu ya shamba la mtu, ardhi ibaki ya kwake huku akizuiwa kufanya kitakachoiharibu, na mwenye shamba ana haki ya kudai fidia kwa alichonyimwa. Akitaka kwa hiari yake, michu ikishajaa anaweza kuisajili kama msitu binafsi chini ya sheria ya misitu na kuomba msaada wa kitaalamu. Najua mfuko wa fidia za aina hiyo si wa kutegemea. Ndiyo maana ningelifunga jambo hili na kibali cha gati: familia ipewe nafasi ya kuliendesha na kutoza ada ndogo ya kufunga mashua, mradi jangwa libaki wazi. Hapo jangwa linaanza kumlipa kwa kukaa kama lilivyo, jambo ambalo halijawahi kumlipa.

Zimebaki ekari mbili zilizo ndani ya bamvua. Hizo sina cha kumpamba nacho. Ni za umma, na mpaka upimwe upya, uandikwe kuwa wa kudumu, hati irekebishwe. Mzee atahisi amenyang'anywa. Wanawe watamwambia asisaini. Dawa ya hapo ni kwamba mstari huo huo unaomwondolea mbili unamhakikishia zilizobaki: leo hati yake yote ina doa, kesho itakuwa safi, na shamba lenye hati safi karibu na bandari lina bei ambayo shamba lenye mgogoro halina.

Je, yapo mahali ambapo ningesema ndiyo? Yapo. Chukua Arabuko-Sokoke, nyuma ya Gede na Watamu, karibu kilomita za mraba 420 za msitu mkavu wa pwani. Mtu akiwa na shamba lililochomoza ndani ya mpaka, bado lina miti ya asili, na serikali ina ukingo uliokwisha kuwa uwanda mtupu usio na miti wala wanyama adimu, kubadilishana kunaweza kuunyoosha mpaka na kuwapunguzia walinzi na mkulima ugomvi wa ndovu. Ardhi ya huko haisogei. Mpaka wa mikokoni unasogea na bahari, na ukishauza ekari ya leo hujui umeuza nini cha miaka thelathini ijayo.

Katika kisa chetu mzee alilikubali gati la pamoja na bohari ya juu. Mpaka mpya alikataa kuusaini, akasema: "Maji hayana ndia moya," yaani hayana njia moja. Anataka kwanza ile bikoni ya chini iliyopotea itafutwe, na mstari utembewe kwa miguu siku ya bamvua, yeye akiwapo, chifu akiwapo, wakataji wakiwapo. Ana haki. Kilichokwamisha ni gharama ya mpima, kila upande unausukumia wenzake. Mimi ningesema Huduma ya Misitu ilipe nusu yake au zaidi. Msitu huu umekuwa wa serikali tangu 1932, na muda wote huo mpaka wake wa juu haukuwekewa hata jiwe moja.